Injini ya Toyota ndani ya Peugeot 504 ya Kivaa

Leo naweka programu kando niwaeleze habari za gari. Lakini mkivumilia hadi mwisho mtaona kwamba sikwenda mbali sana na kazi yangu ya kila siku.

Gari lenyewe ni Peugeot 504 stesheni wagoni ya mjomba wangu, huko Kivaa, Masinga, kaunti ya Machakos. Kwa vijana wa juzi: 504 ilianza kuuzwa mwaka 1968 kule Ufaransa, na baadaye ikawa inaunganishwa hapa hapa kwetu, Mombasa. Ilishinda Safari Rally mwaka 1975, ikarudia mwaka 1978. Wagoni zake zilibeba abiria wa safari ndefu kabla ya Nissan na Hiace kuichukua kazi hiyo. Ya mjomba hubeba maembe, mgonjwa anapotokea, na maji. Mitungi 20 ya lita 20 ni kilo 400, na hapo dereva hajaingia.

Injini yake ya kabureta, cc 1971, ilikuwa imechoka. Silinda zake ni laina za kuchomoa, kwa hiyo ukipata seti mpya ya laina na pistoni unaanza upya. Kazi ni kupata seti ya kuaminika siku hizi! Upande wa pili, injini za Toyota Hiace zimejaa madukani Kirinyaga Road, Nairobi, kwa sababu nusu ya matatu unazoziona zinazihitaji. Tukachagua 1TR-FE: cc 1998, karibu ujazo ule ule, lakini nguvu farasi takriban 135 badala ya 95 hivi za ile ya zamani.

Mjomba alikubali kwa sharti moja. "Kijana wangu, mimi sitaki gari la maonyesho. Nataka gari ambalo likizimika hapa Kivaa, linawashiwa hapa Kivaa."

Sharti hilo ndilo lililoamua karibu kila kitu.

Tuanze na giaboksi. Watu wengi watakwambia ung'oe injini na giaboksi, utie vyote vya Toyota. Ni rahisi kusema. Ukilala chini ya 504 utaona kwamba shafti inayopeleka nguvu nyuma imefunikwa na bomba nene la chuma, kutoka giaboksi hadi kwenye difu. Ukidhani bomba hilo ni la kuzuia vumbi tu, utalitupa. Kumbe lina kazi kubwa: ukikanyaga mafuta, ekseli ya nyuma hutaka kujiviringisha kinyume, na bomba ndilo linaloizuia. Springi za koili haziwezi kazi hiyo. Ukiliondoa bomba, lazima utengeneze mikono mingine ya kuishika ekseli, na mikono hiyo ichomelewe kwenye bodi iliyokwisha kula miaka mingi ya vumbi na matope.

Wenzangu wa kompyuta mmeshaelewa. Kila mfumo wa zamani una kijisehemu ambacho hakuna aliyekiandikia maelezo, na ukikifuta ndipo unajua kilikuwa kinashikilia nini.

Basi tukaacha giaboksi ya Peugeot, bomba lake na ekseli yake mahali pake. Badala yake fundi mmoja wa Kariobangi Light Industries alituchongea bamba la kuunganisha: upande mmoja lina mashimo ya Toyota, upande mwingine mashimo ya Peugeot. Linaonekana kama kipande cha chuma tu, lakini kitovu cha injini na kitovu cha giaboksi lazima vilingane kwa kiasi cha sehemu ya kumi ya milimita. Vikipishana, klachi na beringi vitaliwa polepole. Fundi yule alipima, akachonga, akapima tena, na hakutaka kuharakishwa. Injini yenyewe iliingia kwa siku moja. Viungo vyake vilichukua wiki sita.

Halafu mafuta. Kabureta huridhika na presha ndogo sana. Injini ya kisasa inayopuliza petroli kwa nozeli hutaka takriban bar 3, yaani kama mara kumi. Kwa hiyo pampu mpya ya umeme, mipira mipya inayostahimili presha hiyo, na vibano vya maana. Usitumie mpira wa zamani hapa, ukipasuka petroli inamwagikia injini ya moto.

Sasa springi. Mjomba alitaka ngumu maradufu, "ili isikae chini". Wagoni ya 504 tayari ina springi nne nyuma, mbili kila upande. Nikamfanyia hesabu: ukizidisha ugumu mara mbili, gari likiwa tupu litadunda haraka zaidi kwa mara 1.4 hivi, na kwenye barabara ya changarawe gurudumu linalodunda halishiki breki wala usukani. Springi hubeba uzito. Kutuliza mdundo ni kazi ya shokomzoba. Tukaweka springi mpya ngumu kidogo tu kuliko za awali, na pesa iliyobaki ikaenda kwa shokomzoba nzuri, bushi mpya zote, na breki. Nguvu ikiongezeka mbele, lazima uwezo wa kusimama uongezeke pia. Kabla na baada ya kazi tulipima urefu kutoka kitovu cha kila gurudumu hadi ukingo wa madigadi, gari likiwa tupu na likiwa na mitungi 20. Vipimo hivyo vimeandikwa. Siku springi ikichoka, futi kamba itamwambia mjomba.

Jambo la sheria msilisahau. Namba ya injini imo kwenye logbook, kwa hiyo ukibadilisha injini NTSA lazima wajulishwe na gari likaguliwe. Tunzeni karatasi zote za kununulia injini, maana bila hizo unaweza kuonekana mwizi ndani ya gari lako mwenyewe.

Imebaki kompyuta ya injini. Hapa ndipo sharti la mjomba lilipokuwa gumu. Ile kabureta aliweza kuifungua kwa bisibisi chini ya mwembe. Kompyuta haifunguliwi hivyo. Nikachora nyaya zote kwenye karatasi mbili, kila waya na rangi yake, inatoka wapi na inakwenda wapi, nikazifunika kwa plastiki. Kila kiunganishi kina lebo kwa Kikamba. Ndani ya gari kuna kijisanduku cha fyuzi, rilei na sensa mbili za akiba.

Halafu kuna siri ya Toyota nyingi za miaka hiyo ambayo ingepaswa kujulikana zaidi. Kwenye soketi ya kupimia, ukiunganisha tundu namba 4 na namba 13 kwa kipande cha waya na kuwasha swichi, taa ya injini kwenye dashibodi huanza kukonyeza. Unahesabu mikonyezo, unapata namba ya hitilafu. Hakuna kompyuta, hakuna simu, hakuna intaneti. (Thibitisheni kwanza kwenye kitabu cha injini yenu. Si zote zinazokubali, na ukikosea tundu unaweza kuunguza kitu.)

Orodha ya namba hizo nimeiandika nyuma ya karatasi ya pili. Mwezi uliopita, kabla sijaondoka, nilichomoa sensa moja kimya kimya nikamwambia mjomba gari lina shida. Alichukua waya wake, akahesabu mikonyezo kwa vidole, akashusha kidole kwenye orodha, akafungua boneti na kuirudisha sensa mahali pake. Dakika nane. Kisha akaniuliza kama napenda kumpotezea muda.

Mwenye 504, 404 au hata Land Rover ya babu na anafikiria kazi kama hii, niulizeni tu. Vipimo vya bamba ninavyo.