Nami Nilikuwa Miongoni mwa Tisa

Kwa miaka mingi, kila iliposomwa habari ya wakoma kumi katika Injili ya Luka, sura ya 17, nilijihesabu kuwa yule mmoja aliyerudi. Nasali kila Jumapili, natoa sadaka ya shukrani, naongoza ibada ya jumuiya mtaani kwetu. Ilibidi nifuge kuku ndipo nijitambue.

Nilianza na vifaranga 100. Walipofika wiki ya 4 wakaanza kujikunyata, mabawa yameshuka, na kinyesi chao kikawa na damu. Jioni moja niliokota 7 wamekufa. Nikaandika kwenye kundi la wafugaji katika simu, ambalo binti yangu aliniunganisha. Mtu nisiyemjua hata kwa sura akanijibu. Aliuliza umri wa vifaranga, chakula wanachokula, na kama maranda chini yana unyevu. Kisha akasema dalili zile zinafanana na za ugonjwa wa kuhara damu, ambao hushamiri penye unyevu. Akanishauri niondoe maranda yote, nitandaze makavu, niwatenge wagonjwa, na asubuhi nimwone mtaalamu wa mifugo anithibitishie na kunipa dawa. Tulimaliza karibu saa 6 usiku. Hakuomba hata shilingi.

Nilifanya yote. Mtaalamu akathibitisha, vifaranga wakapewa dawa, vifo vikakoma. Kanisani nilimshukuru Mungu kwa sauti kubwa. Yule mtu sikumwandikia hata neno moja.

Miezi miwili baadaye kuku wakaanza kudonoana. Nikauliza tena kundini. Saa nzima ikapita kimya, nami nikaongeza: "Mbona hamjibu? Kundi hili lina kazi gani?"

Akajibu yuleyule: "Samahani mama, nilikuwa kazini. Naomba kwanza kuuliza, wale vifaranga walipona?"

Niliona aibu. Nilidhani msaada wa bure hauna deni, kumbe mwenzangu aliachwa na wasiwasi wa vifaranga wangu miezi miwili. Hata wafugaji wengine waliosoma ushauri ule hawakujua kama ulifaa. Wazee walisema shukrani ya punda ni mateke; siku ile niliyatambua mateke yangu.

Nikarudi kwenye Luka. Wale tisa sikuwaona tena kuwa watu wabaya. Walikuwa njiani kwenda kwa makuhani, kama walivyoagizwa na Yesu mwenyewe. Walitii, wakapona, wakaendelea na safari. Msamaria alimtukuza Mungu kwa sauti kuu, tena akarudi mpaka miguuni pa aliyemponya. Mimi sauti nilikuwa nayo. Miguu ndiyo haikurudi.

Nilimwomba radhi mbele ya kundi zima, nikaeleza vifaranga wangapi walikufa na wangapi walipona. Tangu hapo nimejiwekea utaratibu: kabla ya kuuliza, natafuta kwanza kama jambo limeshajibiwa, nikiuliza, nasubiri kwa adabu, maana anayejibu naye ana kazi na watoto, nikisaidiwa, narudi kusema ilikuwaje, hata kama haikufaulu.

Mpendwa msomaji, huenda yuko mtu aliyekusaidia naye hajui mpaka leo kama ulipona. Kabla hujalala usiku wa leo, mwambie.