Joto la Portland si joto la Bukavu

Nimerudi nyumbani wiki iliyopita baada ya miezi mitatu kwa binti yangu, kule Portland, katika jimbo la Maine, Marekani. Wengi mmeniuliza habari za baridi. Baridi ipo, nitaieleza, lakini kilichonisumbua zaidi ni namba zake.

Portland ni mji wa bahari. Kuna bandari, meli za wavuvi, na barabara zinazopanda na kushuka kama zetu za Bukavu. Wakongomani ni wengi. Sokoni unasikia Kiswahili, Kilingala na Kifaransa, na sombe unaipata, ingawa ni ya barafu. Asubuhi yangu ya kwanza niliangalia simu ya binti: 14. Nikasema, kumbe ni kama alfajiri ya Kabare tu. Nikavaa sweta na kitenge, nikatoka. Sikufika hata kwenye geti. Machozi yaliganda, masikio yakauma kama yamepigwa. Ile 14 ilikuwa ya Fahrenheit. Kwa hesabu yetu ni 10 chini ya sifuri.

Sisi tunatumia kipimo cha Celsius, bwana wa Uswidi wa mwaka 1742: maji yanaganda kwenye 0, yanachemka kwenye 100. (Yeye mwenyewe aliviweka kinyume, 0 kwenye kuchemka, watu wakageuza baadaye. Hata wataalamu wanachanganyikiwa.) Marekani wamebaki na kipimo cha Fahrenheit, cha mwaka 1724, ambacho maji yanaganda kwenye 32 na kuchemka kwenye 212. Kwa hiyo nyumba ya binti yangu ilikuwa na joto la 68, na hakuna aliyeungua. Ni 20 yetu.

Furu nayo ilinitania. Nilitengeneza keki ya ndizi, nikaweka 180 kama ninavyofanya hapa. Saa nzima ikapita, keki bado uji. Ile 180 yao ni kama 82 yetu, joto la kukausha dagaa! Ilipaswa niweke 350.

Jirani mmoja, mama wa Uvira aliyekaa kule miaka mingi, akanihurumia. Akaniambia: Mama, usijisumbue, toa 30, halafu gawa kwa mbili. Nikajaribu: 50 inakuwa 10, sawasawa kabisa. 68 inakuwa 19, karibu sana. Nikafurahi. Kila asubuhi nilikuwa natangaza hali ya hewa humo nyumbani kama redio.

Sasa sikilizeni. Usiku mmoja binti alikuwa kazini, zamu ya usiku, mimi na mjukuu wa mwaka mmoja na miezi miwili. Mtoto alikataa maziwa, akalia kilio kidogo kidogo. Nikachukua kipimajoto chao: 102. Nikafanya hesabu ya jirani. Toa 30, inabaki 72, gawa kwa mbili: 36. Nikasema, asante Mungu, hana homa, ni meno. Nikamfunika blanketi la pili.

Lakini mkono wangu haukukubali. Nimelea watoto sita kwa mkono huu. Shingo ilikuwa moto, pumzi fupi, macho yameregea. Nikampigia binti. Akapiga ukelele kwenye simu: «Mama, 102 ni homa! Ni karibu 39! Mtoe hilo blanketi!»

Muuguzi wa simu, kupitia mkalimani, aliuliza umri wa mtoto, anapumua vipi, anakunywa, anakojoa. Alitupa dozi ya dawa kwa uzito wake na kutuambia tumpeleke asubuhi. Ilikuwa sikio. Alipona.

Hesabu ya kweli ni hii: toa 32, kisha gawa kwa 1.8. Chukua 102, toa 32, inabaki 70. Gawa kwa 1.8, unapata 38.9. Ile njia ya mkato inafaa kwa kuchagua koti. Kadiri namba inavyopanda ndivyo inavyodanganya, na kwenye homa ya mtoto inadanganya karibu digrii tatu, tena upande mbaya: inakuambia mzima wakati anaungua.

Siku ile ile niliandika karatasi nikaibandika kwenye friji, na nakala nikaiweka ndani ya Biblia yangu. Wenye watoto au wajukuu kule, inakilini: 98.6 ni 37, mtoto mzima. 100.4 ni 38, hapo ndipo homa inaanza. Na kama mtoto hajafikisha miezi mitatu, hiyo 38 peke yake inatosha kumtafuta daktari mara moja, usiku au mchana, kule au hapa. 102.2 ni 39. 104 ni 40. Mkimtumia ndugu namba kwa WhatsApp, andikeni na herufi yake, C au F, maana vipimajoto vingine vina kitufe cha kubadilisha, na mtoto anaweza kukibonyeza akicheza.

Juzi Jumapili binti amepiga simu: «Mama, mtoto ana 99.» Nimefungua Biblia, nimechukua kalamu. 37.2. Nikamwuliza kama amekula.