Lango la Lukuga: Safari za Matanga Mbele ya Kalemie

Ziwa Tanganyika limelala kutoka kaskazini hadi kusini kwa urefu wa kilomita zipatazo 670, na upana wake kwa wastani ni kilomita 50 tu. Kwa nahodha wa chombo cha tanga, wembamba huo ndio mwanzo wa taabu. Kusi, upepo wa kiangazi unaovuma pia Unguja, hushika ziwa kati ya Mei na Septemba na kulifuata kwa urefu, umebanwa na milima kushoto na kulia. Anayekwenda kaskazini husukumwa. Anayekwenda kusini hupiga bisha kutwa nzima, na jioni akainua macho kuona mlima uleule aliouacha asubuhi. Anayevuka kutoka mwambao wa Kigoma kwenda Kalemie hupigwa mawimbi ya ubavuni, na hayo ndiyo mabaya zaidi kwa mtumbwi mrefu usio na mkuku. Masika kusi hulala, lakini dhoruba za mvua huanguka kutoka milimani bila taarifa na kulichafua ziwa kwa muda mfupi kuliko ule unaohitajika kushusha tanga na kuelekeza omo pwani.

Kalemie imejengwa kwenye ufuo wa magharibi, mahali ambapo maji ya ziwa hutokea kuwa mto. Lukuga ndiyo njia pekee ya maji ya Tanganyika kutoka. Hukata milima kuelekea magharibi, hupita mwendo wa kilomita zipatazo 320, kisha huingia Lualaba, yaani Kongo. Leo jambo hilo liko katika kila ramani ya darasani. Hadi mwaka 1874 halikuwa katika ramani yoyote iliyochapishwa, ingawa Waholoholo wa pale, ambao misafara iliwaita Waguha, walilijua siku zote. Wageni waliolitafuta lango hilo kwa matanga na makasia walipatwa na mikasa ya kila namna, na mingine ingechekesha kama isingeumiza.

Mgeni wa kwanza wa Ulaya kuvuka kuja upande huu alikuja kutafuta jahazi. Mapema mwaka 1858 Richard Burton na John Hanning Speke walifika Ujiji, kwenye ufuo wa mashariki, hoi: Burton hawezi kusimama kwa homa, Speke macho yamevimba hata haoni vizuri. Walitaka kulizunguka ziwa, lakini mitumbwi ya Ujiji ilikuwa midogo na bei zake kubwa. Walisikia kwamba Mwarabu aitwaye Hamed bin Sulayim ana jahazi la tanga katika kisiwa cha Kasenge, karibu na pwani ya Uguha, kaskazini kidogo ya ilipo Kalemie sasa. Ikaamuliwa kwamba mwenye macho mabovu avuke kwenda kuliomba, na asiyeweza kutembea abaki kulinda mizigo. Speke aliondoka tarehe 3 Machi 1858 na mabaharia wa kukodi, mpishi wake Mgoa aliyeitwa Gaetano, na Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyetekwa utotoni, akauzwa Bara Hindi, kisha akarudi Unguja mtu huru.

Kuvuka kulianzia Kabogo, na kulifanywa usiku kucha kwa makafi. Mabaharia hawakutaka maneno mengi mahali pale. Kabogo ni pa mizimu, na mzimu unaosikia habari za safari yako huenda ukakutumia upepo. Walifika salama katika kisiwa kidogo cha Kivira, na hapo ndipo mkasa ulipotokea. Jioni ya tarehe 8 Machi dhoruba iliipiga hema ya Speke mpaka ikalegea. Upepo ulipotulia aliwasha mshumaa ili apange vitu vyake upya, na mwanga ukaita mbawakawa weusi wadogo kwa mamia. Aliwapangusa mpaka akachoka, akazima taa, akalala huku wakimtambaa mwilini. Mmoja akaingia sikioni.

Mdudu huyo alitambaa ndani hadi ngoma ya sikio, akashindwa kugeuka, akaanza kuchimba. Speke aliandika kwamba alitafuta mafuta, chumvi na tumbaku, asipate hata kimoja; akajaribu siagi iliyoyeyushwa, haikusaidia; mwishowe akachukua kisu kidogo cha mfukoni na kumchoma mdudu humohumo sikioni. Mdudu alikufa, lakini ncha ya kisu ilijeruhi sikio. Uso ulivimba upande mmoja, majipu yakatoka shingoni, na kwa siku kadhaa alikunywa mchuzi tu kwa sababu taya halikufunguka. Uziwi ulikaa miezi, na vipande vya mdudu viliendelea kutoka pamoja na nta ya sikio zaidi ya nusu mwaka baadaye. Kati ya sikio na pua palibaki kitundu, hata akipenga kamasi sikio lilipiga mluzi.

Na jahazi? Huko Kasenge Hamed alimpokea kwa ukarimu wa Kiarabu, akamlisha, akamsimulia habari za mito. Jahazi lenyewe lilikuwa safarini, na lilipoonekana zikafuata siku za maneno na masharti ambayo msafara haukuweza kuyatimiza. Speke alirudi Ujiji mwishoni mwa Machi mikono mitupu, Burton akachukia. Wote wawili wakaenda Uvira kwa mitumbwi mwezi uliofuata. Lango la Lukuga, lisilo mbali na Kasenge, hakuna aliyelitazama.

Safari ya pili ilianza na marafiki na ikaishia kwa mtu mmoja. Luteni Verney Lovett Cameron wa Jeshi la Wanamaji la Uingereza alitumwa mwishoni mwa mwaka 1872 kumfuata mmisionari na msafiri David Livingstone na kumpelekea msaada. Aliondoka Bagamoyo mwaka 1873 na daktari W. E. Dillon, rafiki yake wa melini. Wakafuatwa na Cecil Murphy na kijana Robert Moffat, mwana wa ukoo wa Livingstone. Moffat alifariki njiani kabla hajawafikia wenzake. Waliobaki walikwama Unyanyembe kwa miezi, wakipokezana homa na upofu: mmoja akipata nafuu, mwingine anaanguka. Oktoba 1873 wakafika watu wa Livingstone, akina Susi na Chuma, wakiwa wamebeba maiti ya bwana wao. Aliyetafutwa amekwisha kufa, na safari imepoteza sababu yake. Dillon na Murphy wakaamua kurudi pwani pamoja na maiti. Siku chache tu baadaye, tarehe 18 Novemba, Dillon alijipiga risasi hemani akiwa katika uchizi wa homa. Cameron aliipata habari hiyo akiwa njiani kwenda magharibi, akaendelea.

Alifika Ujiji Februari 1874, akazikuta karatasi za Livingstone zilizoachwa huko na kuzituma pwani. Kisha akageukia alichokijua vizuri zaidi, yaani vyombo. Alikodi viwili: kikubwa akakiita Betsy, kidogo Pickle, na tarehe 13 Machi akatweka tanga kuelekea kusini. Katika maelezo yake Cameron analalamika karibu kila ukurasa juu ya woga wa mabaharia wake. Upepo ukizidi kidogo wanataka kutia nanga. Mawimbi yakionekana mbali wanashusha tanga. Asubuhi ikiwa shwari wanasema mchana kutachafuka. Yeye alizoea bahari na aliona huo ni uvivu. Msomaji aliyewahi kuvuka Tanganyika Machi, mwezi wa dhoruba za mvua, atawapa mabaharia haki yao. Walikuwa katika chombo cha kukodi chenye viraka, juu ya maji yenye kina cha kufikia mita 1,470, chini ya mtu ambaye lile ziwa lilikuwa jipya kwake. Katika simulizi hizi zote aliyeshika kalamu ni mgeni, na aliyeshika usukani hakuulizwa.

Chombo kilishuka na pwani ya mashariki, kikazunguka ncha ya kusini, kikapanda na pwani ya magharibi. Cameron alihesabu mito na vijito 96 vinavyoingiza maji ziwani. Tarehe 3 Mei 1874 akakuta wa 97 unaokwenda kinyume. Mlango wake ulikuwa na upana wa zaidi ya maili moja, lakini sehemu kubwa ilikuwa imezibwa na ukingo wa mchanga uliootwa na majani, ukaacha pengo la yadi 300 au 400. Ndani ya pengo hilo maji yalitembea polepole kutoka ziwani. Aliingia kwa mashua kama maili 4 au 5 mpaka akazuiwa na zulia la majani yanayoelea, lililofungamana hata mashua haiwezi kupenya. Mkuu wa pale alimwambia bila kusita kwamba huo ni Lukuga, kwamba watu wake hutembea kando yake kwa zaidi ya mwezi, na kwamba mwisho wake ni Lualaba. Cameron alitaka kukata njia katika majani na kuendelea. Hakupata watu wa kazi hiyo. Tarehe 9 Mei alikuwa tena Ujiji.

Baadaye msafara mzima ulivushwa hadi Kasenge ili uende nchi kavu kuelekea Nyangwe. Mnyapara wake alikuwa Bombay, ambaye miaka 16 nyuma alivuka hapohapo na Speke. Novemba 1875 waliona Bahari ya Atlantiki karibu na Benguela. Cameron akaandika kitabu. Bombay alirudi Unguja, akapewa pensheni na Jumuiya ya Kijiografia ya London, na akafariki mwaka 1885.

Jawabu la Cameron halikukubalika mara moja, na aliyelipinga alikuwa na chombo bora kuliko vyote vilivyotangulia. Henry Morton Stanley alikuja na Lady Alice, mashua iliyoundwa Uingereza kwa vipande ili ibebwe mabegani na wapagazi, kisha iunganishwe kila inapofika majini. Alilizunguka Tanganyika lote kwa siku 51, kuanzia tarehe 11 Juni hadi 31 Julai 1876, katikati ya kusi. Alipofika Lukuga aliona kitu kingine kabisa. Pengo lilikuwa limejaa matete na tope, na maji yamesimama. Alielesha kibao majini kupima mkondo: upepo wa ziwani ulipovuma kibao kilisogea ndani, ulipotulia kilirudi nje. Alihitimisha kwamba Lukuga si mto bado. Ni hori linalojazwa na kusi kisha hujimwaga tena, na ziwa likiendelea kupanda litauvunja ukingo huo siku moja. Ushahidi wa kupanda aliuona Ujiji, ambako sehemu ya ardhi aliyoitembea mwaka 1871 ilikuwa sasa chini ya maji.

Wasomi wa London waligawanyika kati ya mabaharia hawa wawili, kana kwamba lazima mmoja awe mwongo. Wote walisema walichokiona. Mchanga unaosukumwa na mawimbi ya kusi, pamoja na mizizi ya matete, hujenga kizingiti mlangoni miaka ambayo ziwa liko chini na mkondo ni dhaifu. Kizingiti kikishakomaa, ziwa halina pa kutokea ila kuwa mvuke. Mvua zikiwa nyingi linapanda mwaka baada ya mwaka, mpaka maji yanapata njia na kukisomba. Cameron alikuta pengo la mwisho likifumba, Stanley akalikuta limefumba. Mwaka 1878 lilifumbuka. Edward Coode Hore, nahodha wa meli aliyegeuka mmisionari wa London Missionary Society, alikwenda mwaka 1879 kwa Calabash, chombo chake cha tanga kilichojengwa juu ya gogo lililochongwa. Alikuta mto wenye nguvu, unaokoroga na kunguruma kuelekea magharibi. Joseph Thomson alithibitisha mwishoni mwa mwaka huohuo. Kufikia miaka ya 1890 ziwa lilikuwa limeshuka kwa takriban mita 10, na vyombo vilivyofungwa ufuoni vikabaki mbali na maji.

Zama za matanga ya wageni hazikudumu sana baada ya hapo. Meli ya mvuke ya wamisionari, Good News, ilielea mwaka 1885. Mwaka 1915, wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, Waingereza walileta Lukuga boti mbili za injini ya petroli, zikapita Afrika Kusini na Katanga kwa reli, kwa matrekta ya mvuke na kwa maji ya Lualaba. Mkuu wao, Geoffrey Spicer-Simson, aliziita Mimi na Toutou, kwa maana ya paka na mbwa katika Kifaransa cha kitoto. Wenyeji wa ziwa bila shaka walilisikia jina la kwanza kwa namna yao. Hata injini hazikuusahaulisha upepo. Ufuo wa Kalemie ulikuwa wazi kwa mawimbi, boti hazikuweza kulala pale, na ilibidi kwanza kujengwe gati la mawe kabla ya kuziteremsha Desemba ile na kuikamata meli ya Kijerumani Kingani siku ya tarehe 26.

Siku hizi abiria wa Kalemie, Moba na Uvira husafiri kwa boti kubwa za mbao zenye injini na kwa meli za mizigo, na hesabu ya upepo hufanywa kabla ya kung'oa nanga. Hesabu hiyo ikipuuzwa, ziwa hulipiza. Desemba 2014 meli Mutambala ilipinduka baada ya kuondoka Kalemie, imejazwa kupita kiasi na upepo ni mkali. Waliokufa walipita 120. Ilikuwa tena msimu wa mvua, wakati ambao mabaharia wa Betsy hawakutaka kutweka tanga.

Lukuga nayo haijatulia. Tangu mwaka 2020 ziwa limekuwa likipanda, na mwaka 2024 maji yaliingia katika mitaa ya Kalemie, Uvira na Bujumbura, yakafunika nyumba za ufuoni, na watu wakapita kwa mitumbwi penye barabara.