Siku Saba za Dripu

Tunakiri kosa letu. Mwaka 2012, hapa Kindu, mdogo wetu alikuwa akisinzia mchana jembe mkononi, na usiku hapati usingizi. Sisi tulimwita mvivu. Majirani walisema amerogwa. Kumbe alikuwa na malale, ugonjwa uletwao na mbung'o wa kando ya mito. Daktari alipopima maji ya uti wa mgongo, aliona ugonjwa umekwisha kufika katika ubongo.

Alitundikiwa dripu asubuhi na jioni kwa siku 7, yaani mara 14, pamoja na vidonge vya siku 10. Tulikaa kando ya kitanda tukihesabu matone, na kila tone lilitukumbusha neno kali tulilomtupia.

Zamani dawa yenye aseniki iliua wagonjwa wapatao 5 katika kila 100. Mwishoni mwa 2018 Kongo iliidhinisha feksinidazoli, vidonge vimezwavyo kwa siku 10. Dripu imebaki kwa waliozidiwa sana.

Mdogo wetu alipona, naye alitusamehe. Basi, ndugu, mwonapo mtu anasinzia ovyo, msimhukumu. Mpelekeni apimwe mapema.