Usimwage Kila Kitu Kwenye Logi

Mpwa wangu Zuhura,

Ujumbe wako nimeupata. Unataka programu yenu ikiwaka tu iandike vigezo vyote vya mazingira kwenye logi, mpate kujua kwa nini seva ya majaribio inafanya kazi na ile ya wateja inagoma. Haja hiyo ni ya kweli. Mara nyingi migomo hiyo husababishwa na kigezo kilichosahaulika.

Lakini usiandike vyote. Nakujua, utakimbilia kuweka kichujio cha kuficha kila chenye PASSWORD, SECRET, TOKEN au KEY katika jina lake. Basi itazame DATABASE_URL. Jina halina hata neno moja kati ya hayo, ila ndani yake mna postgres://mtumiaji:nywila@seva/duka. Nywila imekaa katikati, wazi kabisa! Na kesho mwenzako ataongeza kigezo kwa jina alilolipenda yeye, kichujio chako kisiwe na habari.

Geuza utaratibu. Weka kwenye msimbo orodha ya vinavyoruhusiwa kuonekana: poti, kiwango cha logi, majira ya saa, toleo la programu. Kisichotajwa humo, thamani yake haiandikwi. Kuhusu siri, logi iseme "ipo" au "haipo", basi. Usishawishike kuandika herufi zake nne za mwanzo, wala heshi yake, maana nywila dhaifu hukisiwa kutoka kwenye heshi. Ukitaka kujua kama seva mbili zinatumia ufunguo mmoja, upe kila ufunguo namba ya toleo, uandike namba hiyo.

Wala usiniambie kwamba logi ni za ndani. Mei 2018 Twitter iliwashauri watumiaji wake wote, kiasi cha milioni 330, wafikirie kubadili nywila, kwa sababu hitilafu ilikuwa ikiziandika kwenye logi ya ndani kabla bcrypt haijazifumba. Kampuni ilisema haikuona dalili ya wizi, na bado ikaomba radhi hadharani. Logi husafiri: huingia kwenye nakala za akiba, huenda kwa kampuni inayowatunzia, hupigwa picha na kurushwa kwenye grupu la WhatsApp na mtu anayeomba msaada saa nane usiku.

Kagua pia ripoti za hitilafu, maana nyingine hubeba mazingira mazima, na skripti zenu ambamo mtu aliacha printenv. GitHub Actions hufunika siri kwa nyota, lakini siri ikishageuzwa kuwa base64 huweza kupita bila kutambuliwa. Machi 2025, zana ya GitHub Actions iitwayo tj-actions/changed-files ilipochezewa, siri zilimwagwa kwenye logi kwa ujanja huohuo.

Ikiwa siri imeshaandikwa, batilisha ufunguo kwanza, utoe mpya, ndipo uhangaike kusafisha logi.

Nitumie hiyo orodha kabla hamjaipeleka kwa wateja, niipitie. Msalimie mama yako.

Mjomba wako