Nyumba ya Bibi Muyinga

Bibi yangu alifariki Muyinga alfajiri ya Jumatano, akazikwa siku hiyohiyo baada ya swala ya alasiri. Mjomba, mwanawe wa kwanza, alifika magharibi, nami nilikuwa pamoja naye. Kutoka Gitega kupitia Karuzi si safari ya kutwa nzima, lakini mwaka ule mafuta yalikuwa adimu nchini na magari yalishinda kwenye foleni. Tulikuta kaburi limekwisha kufukiwa. Mjomba hakusema neno. Alivua kofia, akafanya ishara ya msalaba mbele ya wazee wenye kanzu, na hakuna aliyemkataza.

Bibi alizaliwa Gitega, katika nyumba ya Wakatoliki. Mumewe wa kwanza alipokufa, mtoto wa kiume alibaki kwa ukoo wa baba yake kama mila ilivyotaka. Bibi akaolewa na mchuuzi Mwislamu wa Muyinga, akasilimu, akamzaa mama yangu na mama mdogo. Kiswahili alikiokota sokoni akiuza ndagala wa Ziwa Tanganyika. Mpaka uzeeni alihesabu pesa kwa Kiswahili na kukasirika kwa Kirundi.

Siku ya tatu, baada ya khitma, shehe aliuliza kama kuna anayemdai marehemu. Hilo halikuwa geni kwa mjomba, kwani Warundi nao hutaja madeni ya maiti. Mama mmoja wa sokoni akasimama, akasema yeye ndiye anayedaiwa: vibaba vitatu vya ndagala. Watu wakacheka kidogo, kicheko cha msibani.

Kisha ikaja habari ya nyumba, na kicheko kikakoma. Nyumba ile Bibi aliinunua mwenyewe. Mama mdogo, aliyeachika, ndiye aliyekaa naye humo miaka sita akimlisha na kumwogesha. Kwa mila ya Kirundi mtoto wa kiume ndiye mrithi. Binti hutarajiwa kula kwa mumewe, na asiye na mume atajijua. Kwa sheria ya Kiislamu binti ana fungu lake, na Mkristo hamrithi Mwislamu. Burundi nayo haina sheria ya mirathi iliyoandikwa. Mahakama huegemea zaidi mila. Basi mjomba alikuwa mrithi wa vyote au si mrithi kabisa, kutegemea nani ameulizwa. Mimi naona mila hiyo inamdhulumu mama mdogo, na nililisema hilo palepale, ingawa chumba ninacholala Gitega ni cha mjomba.

Mama mdogo akaleta daftari la Bibi. Bibi hakujua kuandika. Wakati wa likizo alinisomea naye hesabu zake, nami nikaandika. Aliniambia nisome lote. Mjomba hajui Kiswahili, kwa hiyo nilisoma mstari na kuutafsiri kwa Kirundi: dawa, mkaa, mshahara wa fundi, vyote vimelipwa na mama mdogo. Halafu ukurasa wa katikati: “Mabati 24, kutoka kwa mwanangu wa Gitega.”

Mama mdogo hakuwa akijua. Alitazama juu, kwenye paa.

Mjomba alisema atarudi baada ya mwaka, kwa kuganduka, tuondoe msiba rasmi. Mama mdogo akajibu aje, ila pombe isiingie uani. Karatasi za kiwanja bado zina jina la Bibi. Mama mdogo bado analala humo, na mvua za masika zilipoanza mjomba alipiga simu kuuliza kama paa linavuja.