Luthuli: Barabara ya wenye masikio

MGENI anayeingia Barabara ya Luthuli jijini Nairobi kwa mara ya kwanza huipokea kwa masikio kabla ya macho. Duka la kwanza limefungulia nyimbo za injili, la pili rumba, la tatu rege, na kila muuzaji ameelekeza spika zake nje kana kwamba ana kesi na jirani. Ongeza hapo sauti za makanga kutoka River Road na wachuuzi wa chaja na betri. Utadhani hakuna binadamu awezaye kusikia lolote mahali hapa. Kumbe wapo watu ambao unga wa nyumbani kwao hutokana na kusikiliza.

Barabara hii inaitwa kwa jina la Albert Luthuli, yule mpigania haki wa Afrika Kusini aliyetunukiwa Tuzo ya Amani ya Nobel ya mwaka wa 1960. Mwaka wa 2019 ilifanyiwa ukarabati, magari yakaachiwa njia ya upande mmoja na wenye miguu wakapanuliwa nafasi. Ukiteremka hadi mwisho wake unaangukia River Road, mtaa ambao katika miaka ya 1970 ulikuwa kitovu cha biashara ya santuri za benga. Haishangazi basi kwamba hadi leo, mtu wa Nairobi ambaye gitaa lake la stima limegoma huelekeza nyayo zake pande hizi.

Safari hii mwandishi wa makala haya aliandamana na mwanafunzi mmoja wa chuo, mpiga gitaa katika kikundi cha vijana kanisani. Alikuwa na Sh8,000 mfukoni, pesa zilizochangwa na wenzake kidogo kidogo ili anunue pedali nyingine ya ovadraivu. Ile aliyokuwa nayo, alisema, ilikuwa imekufa.

Kwa faida ya msomaji asiyeijua, pedali hii ni kijisanduku cha chuma kinachowekwa sakafuni kati ya gitaa na amplifaya, na mpigaji hukiwasha kwa kukikanyaga. Wapigaji wa zamani wa Marekani na Uingereza waligundua kwamba amplifaya ikilazimishwa kupita uwezo wake, vilele vya mawimbi ya sauti hukatwa na gitaa likaanza kutoa mkwaruzo mtamu, kama mwimbaji aliyepaza sauti hadi ikapwelea. Baadaye Wajapani wakautia mkwaruzo huo ndani ya kijisanduku. Boss walitoa OD-1 mwaka wa 1977, nao Ibanez wakaleta TS808 mwaka wa 1979 na TS9 mwaka wa 1982. Ndani yake chipu ndogo huikuza sauti, kisha vijidude viitwavyo dayodi huvikata vile vilele.

Kwa masikio yaliyolelewa na benga, huo ni ugonjwa. Gitaa la marehemu D.O. Misiani wa Shirati Jazz lilitiririka safi kama maji ya kisima. Lakini vijana wa siku hizi, wa roki na wa kanisani, wanautaka mkwaruzo huo, tena wanataka uwe wa kipimo.

Kufa si kuzima

Fundi tuliyemwendea hukalia kibanda kisichozidi upana wa mlango, ghorofani, mbali kidogo na makelele ya chini. Kijana alimkabidhi pedali na kumwomba aifungue. Mzee akaiweka kando.

“Hatufungui kitu, kijana wangu,” alisema. “Lete gitaa kwanza.”

Alichomeka gitaa moja kwa moja kwenye amplifaya, bila pedali. Kisha akaanza kuutikisa waya taratibu karibu na plagi. Sauti ikakatika, ikarudi, ikakatika tena. Lehemu ya ndani ya plagi ilikuwa imeachia. Akaleta waya mwingine anaouamini, gitaa likalia vizuri. Ndipo akaiingiza pedali, na hapo ukasikika mngurumo mzito kama wa friji kuukuu.

Mzee akachomoa adapta na kutia betri mpya ya volti 9. Mngurumo ukatoweka. Kijana akabaki mdomo wazi.

Siri ni hii: pedali nyingi za aina hii zinataka volti 9 za mkondo mnyoofu, tena upande hasi ukiwa katikati ya plagi ya adapta. Adapta ya kuokoteza kutoka kwa redio yaweza kuwa na mkondo usiotulia, na ndipo mngurumo huzaliwa. Ikiwa pande zake zimegeuzwa, yaweza hata kuunguza vitu vya ndani. Michoro midogo iliyo kwenye adapta na kwenye pedali husema yote, na kuilinganisha hakugharimu hata senti.

Fundi aliongeza mengine. Kifundo kikikwaruza unapokizungusha, mara nyingi ni vumbi, na hutibiwa kwa dawa ya kupuliza ya kusafishia swichi. Kuna pedali ambazo zikikosa stima hazipitishi sauti hata kidogo, TS9 ikiwa mojawapo, hivyo ukimya haumaanishi zimeungua. Na waya ukiachwa umechomekwa kwenye tundu la kuingizia gitaa, betri huendelea kuliwa usiku kucha hata kama hakuna anayepiga.

Sauti kubwa si sauti nzuri

Hata hivyo, kijana bado alikuwa na hamu ya pedali mpya aliyoiona katika duka moja chini. Tulipoijaribu huko, kweli ilinguruma ikatikisa vioo. Mkono wake ulikuwa tayari mfukoni alipoomba, kwa wasia wa mzee, kuziunganisha zote mbili kwenye amplifaya moja.

Wasia wenyewe ni huu. Sikio la mwanadamu hudanganywa na ukubwa wa sauti: kati ya vitu viwili, kile kinacholia kwa nguvu zaidi huonekana kitamu zaidi. Kwa hiyo punguza kifundo cha sauti cha pedali hadi uikanyage na kuiachilia bila ukubwa wa sauti kubadilika. Fanya hivyo kwa kila moja, ndipo ulinganishe.

Kisha piga kodi nzima, polepole, usikilize kama kila uzi unatambulika au zote zimevurugika kama uji. Gusa nyuzi kwa wepesi, halafu kwa nguvu. Pedali nzuri huufuata mkono. Punguza sauti kwenye gitaa lenyewe, na mkwaruzo upungue pia, usibaki vile vile kama redio isiyoshika stesheni.

La mwisho huwakosesha wengi. Pedali za ukoo wa TS808 hupunguza besi na kuinua sauti za kati. Ukiipiga peke yako chumbani yaweza kukuchosha kwa wembamba wake. Lakini kikundi kikianza, besi na ngoma huchukua nafasi ya chini, nalo gitaa hupenya katikati na kusikika. Asiyejua haya huinunua ile nzito iliyompendeza dukani, akafika kanisani ikamezwa na ngoma.

Sauti zilipolinganishwa, yule ngurumo wa dukani alikosa la kujivunia. Muuzaji mwenyewe, kwa uungwana wake, alicheka na kusema ile ya zamani ilikuwa inamtosha kijana. Tulipanda tena kwa fundi, plagi ikalehemiwa, ikanunuliwa adapta inayofaa na waya mmoja wa akiba. Zaidi ya nusu ya mchango ilirudi kwa mweka hazina wa vijana, na hesabu ikasomwa mbele ya wote.

Basi nawe, mzazi ambaye mwanao anakulilia pesa za pedali, usikatae wala usikubali upesi. Mpeleke Luthuli asubuhi, kabla spika za milangoni hazijafunguliwa zote, akiwa na gitaa lake, waya wake na betri mpya. Mwombe apige bila pedali kwanza, kisha aiongeze, nawe usikilize pamoja naye.